Kibao cha Meza ya Chokoleti

Asubuhi hiyo, kabla hawajatoka nyumbani, mkewe alimwekea mzee sharti moja tu: akifika kwa binti yao asiseme neno lolote juu ya rangi. Kiwanda kidogo cha binti, cha chokoleti na aiskrimu, kilikuwa kimepakwa rangi mpya, na aliyepaka ni fundi mwingine, si baba yake. Binti alikuwa amemweleza mama yake tangu mwezi uliopita, naye mama akakaa na habari hiyo kifuani, hajui pa kuianzia. Sasa siku ya kutembelea ilikuwa imefika, akaona heri mzee alipukie nyumbani kuliko akalipukie mbele ya watu.

Mzee hakulipuka. Alifunga vifungo vya shati kimya kimya, na alipomaliza, upande mmoja wa kola ulikuwa juu kuliko mwingine. Mkewe akamfungua, akamfunga upya.

Arobaini na mmoja ndiyo miaka aliyokuwa amefanya kazi ya kupaka rangi. Alipaka shule, zahanati, nyumba za watu na maduka, na juu ya maduka aliandika majina kwa mkono wake. Mafundi wenzake walimwita Mstari, kwa kuwa angeweza kuvuta mstari kutoka kona hadi kona ya ukuta bila rula wala uzi, na ukija na rula yako kuukagua unajiaibisha mwenyewe. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi, akaanguka, goti likavimba kama boga. Daktari akasema ngazi basi. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka kidogo, ingawa mkono haukuwa umeumia popote. Huo mtetemeko aliuficha mfukoni, na watu wa nyumbani, kwa heshima, walijifanya hawauoni.

Walikwenda kwa miguu wanne: yeye, mkewe, mjukuu wao wa kike wa miaka saba, na shemeji yake. Shemeji huyu alikuwa kaka wa mkewe, kinyozi aliyestaafu mkasi lakini mdomo wake haukustaafu. Utani wao ulikuwa na umri mkubwa kuliko ndoa yenyewe. Njia nzima kinyozi aliuliza kama chokoleti hupakwa mkono mmoja au miwili, na kama aiskrimu nayo huhitaji msasa kwanza. Mstari alimjibu kwamba mtu aliyemaliza nywele za watu mpaka zake mwenyewe hana haki ya kuuliza habari za kazi.

Kiwanda kilikuwa jengo dogo lililopata kuwa ghala la magodoro, baada tu ya fundi baiskeli na duka la ndoo. Lilikuwa na vyumba viwili na stoo. Binti aliwapokea mlangoni akiwa na koti jeupe na aproni, akampigia baba yake magoti kidogo, akamkumbatia mama, akamvuta mjomba wake sikio kwa utani. Kisha akawagawia makoti na wavu wa kufunika nywele. Kinyozi alipewa wake kama wengine. Akaukunjua wavu, akauinua juu ya upara wake unaong'aa, akauliza unategemewa kuvua samaki gani. Mjukuu akacheka mpaka akakaa sakafuni.

Ndani palikuwa na joto la upole na harufu nzito, tamu na chungu kwa pamoja. Binti aliwatembeza bila haraka. Aliwaonyesha magunia ya mbegu za kakao, tanuri la kuzikaangia, na mashine yenye mawe mawili mviringo yaliyokuwa yanazunguka na kusaga tangu juzi bila kupumzika. Aliwapa kila mmoja mbegu iliyokaangwa. Mjukuu aliitafuna akakunja uso, akamuuliza shangazi yake sukari imekwenda wapi. Akaambiwa iko stoo, inapimwa.

Stoo kweli alikuwamo mama mmoja wa makamo akipima sukari. Alikuwa mfanyakazi mpya, wiki ya nne, na pale kiwandani walimwita Mama Mizani, maana kila kitu alikipima mara tatu na bado akakitazama kwa mashaka. Aliwasalimia kwa adabu, shikamoo kwa wazee, na mikono yake ikarudi kwenye sukari. Binti alieleza kwa sauti ya chini walipotoka kwamba mama huyu yuko kwenye mwezi wa majaribio. Ni mwaminifu na msafi, ila wiki iliyopita aliweka kijiko kisichokaushwa vizuri mahali pasipotakiwa, na kazi ya asubuhi nzima ikaharibika. Ijumaa mwezi unakwisha, hapo ndipo itajulikana kama anabaki au anakwenda.

Mstari alisikiliza yote hayo kwa sikio moja. Macho yalikuwa ukutani. Rangi ilikuwa nyeupe, safi, inang'aa, na mtu yeyote angesema imependeza. Yeye aliona pale juu ya sinki ilivyoanza kuvimba, malengelenge madogo kama ya mtu aliyeungua. Fundi huyo alikuwa amepaka juu ya lipu mbichi. Alifungua kinywa. Kiwiko cha mkewe kikamgusa ubavuni, naye akakifunga.

Hapo macho yake yakahamia kwenye kibao kilichotundikwa juu ya meza kubwa ya katikati. Kilikuwa cha mbao, kimeandikwa kwa rangi nyekundu: MEZA HII MAJI MARUFUKU. Aibu iliyoje. Mwandishi alikuwa ameanza na herufi pana kama milango, akasahau kwamba mbao ina mwisho, na alipofika neno la mwisho akabanana. FUKU yote ilikaa kama watu wanne kwenye benchi la wawili. Mguu wa M ulikuwa mnene, wa A mwembamba, na J ilikuwa imechuruzika. Mstari alikitazama kibao kile kwa muda mrefu, herufi moja baada ya nyingine, akazisahihisha zote kichwani mwake. Akaridhika kidogo, kwa kuwa kichwani hakuna kiwiko.

Juu ya meza hiyo palikuwa na sufuria kubwa ya chokoleti iliyoyeyushwa, kilo sita, nyeusi, laini, inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Ilikuwa ya oda ya zahanati. Muuguzi mkuu alikuwa anastaafu, na wenzake walitaka vipande mia mbili vya kumuaga, vichukuliwe kesho saa mbili asubuhi. Binti alikuwa ameshaiondoa motoni. Inatakiwa ipoe polepole huku ikikorogwa, alisema, ndipo imiminwe kwenye vitreya vyenye vishimo.

Ikasikika honi nje. Muuza maziwa alikuwa amefika, tena na haraka zake. Mjukuu akataka kuyaona maziwa yanavyoingia kwenye mapipa, kinyozi akataka kujua kama muuza maziwa ni yule aliyekuwa akimnyoa zamani, na mkewe Mstari akawafuata kuhakikisha hakuna anayevunja kitu. Binti akamgeukia baba yake.

"Baba, naomba uniangalizie hii. Koroga tu polepole, mwiko usisimame. Narudi sasa hivi."

Maneno madogo, lakini Mstari alijiona kama aliyekabidhiwa ghorofa. Mwaka mzima hakuna aliyemwambia fanya hiki. Kila alipoinuka aliambiwa kaa, pumzika, goti hilo. Akavuta stuli, akakaa, akashika mwiko kwa mkono wa kulia. Na mkono, ulipopata kitu cha kushika, ukatulia.

Alikoroga. Baada ya muda akahisi uzito. Kile kimiminika kilichokuwa kinateleza kama mafuta sasa kilikuwa kinavuta mwiko. Alijua hali ile. Aliijua kuliko alivyoijua njia ya kwenda kwake. Rangi ikikaa kwenye kopo juani huanza kukaza hivyo hivyo, na kibarua mjinga huendelea kuipaka mpaka ukuta unajaa mistari kama shamba lililolimwa. Fundi mwenye akili huilainisha. Hatii maji ndoo nzima, hapana. Kidogo kwanza, anakoroga, anatazama, kidogo tena.

Mfukoni alikuwa na chupa yake ya maji ya kunywa. Akajaza kifuniko kimoja, akakitia. Akakoroga. Akatia cha pili.

Chokoleti ikafa mikononi mwake. Hakuna neno jingine. Kwa muda wa kuvuta pumzi nne au tano mng'aro ulizimika, ule ulaini ukavunjika chembechembe, kisha vyote vikajikusanya kuuzunguka mwiko kama udongo wa kuzibia nyufa. Alikoroga kwa nguvu zaidi, ikazidi kukaza. Akainua macho kutafuta msaada, yakakutana na kibao.

MEZA HII MAJI MARUFUKU.

Alikuwa ameyaona yale maandishi yote, herufi kwa herufi, mpaka rangi iliyochuruzika. Alichokuwa hajafanya ni kuyasoma.

Chupa ilirudi mfukoni kabla hajajua anafanya nini. Viatu vya binti vilisikika, na nyuma yake wengine wote, mjukuu akisimulia maziwa. Binti akafika mezani, akatazama ndani ya sufuria. Akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akakisugua kwa dole gumba.

"Kuna maji humu," akasema. Hakupaza sauti.

Mama Mizani alikuwa ametoka stoo na sukari yake. Aliposikia neno maji, uso wake ukasawijika. Akautazama mwiko. Mwiko ule alikuwa ameuosha yeye asubuhi. Alisema, kwa sauti ambayo mtu ilibidi atege sikio kuisikia, kwamba aliukausha, aliukausha mara mbili, lakini huenda kwenye ufa wa mpini maji yalibaki. Hana hakika. Huenda.

Binti akashusha pumzi. Alikuwa mtu wa huruma, lakini kesho saa mbili zahanati wangekuwa mlangoni. Akamwambia yule mama kwamba walishazungumza habari ya kukausha vyombo, na kwamba watazungumza tena jioni. Kila mtu pale alielewa jioni ile ina nini ndani yake. Mama Mizani akaitikia ndiyo, akachukua kitambaa kikavu, akaanza kufuta vyombo vyote vilivyokuwa rafuni, vikavu tayari, kimoja kimoja, mara tatu kila kimoja.

Mstari alikaa kwenye stuli yake kimya kama maji ya mtungini. Haikuwa lazima aseme neno. Jambo lilikuwa limeshapata mwenyewe. Akisema, shemeji yake ataishi na kisa hiki miaka kumi, atakisimulia kwenye kila shughuli, atakiongeza chumvi mpaka kilo sita ziwe sitini. Hilo lingevumilika. Lililomzuia lilikuwa lingine. Akisema, binti yake atajua kwamba alifanya vizuri kumwita fundi mwingine. Mzee haachiwi ukuta, na sasa imeonekana haachiwi hata mwiko.

Kitambaa kilikuwa kinapita juu ya ubapa wa chuma. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Yule mama aliuinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama, akaufuta mara ya tatu, na midomo yake ilikuwa inatikisika kama ya mtu anayefanya hesabu ambayo jibu lake halipendi. Mstari alimjua mtu wa namna ile. Yeye mwenyewe kila siku ya maisha yake alikuwa hivyo, mtu wa kurudia mstari mpaka unyooke. Na mtu kama huyo akishaambiwa amekosea, ataamini, hata kama hakukosea.

Akatoa chupa mfukoni, akaiweka mezani, chini ya kibao kile.

"Mwiko hauna kosa," akasema. "Nimetia maji mimi. Vifuniko viwili."

Mkewe akashika kifua. Kinyozi akafungua kinywa, dada yake akamgeukia kwa jicho moja tu, naye akakifunga. Binti akamtazama baba yake kama anayemsikia kwa mara ya kwanza katika lugha ngeni, maana katika maisha yake yote hakuwahi kusikia kinywa kile kikikiri kosa. Hata ile siku ya ngazi, ngazi ndiyo iliyokosea.

"Nilidhani inakaza kama rangi," mzee akaendelea, na mkono wake ulikuwa unatetemeka waziwazi juu ya meza, hakuuficha. "Kibao nimekiona. Nilikuwa nasahihisha herufi, sikusoma." Kisha akageuka mzima mzima kumtazama yule mama. "Mama, nisamehe. Umenibebea mzigo wangu, na mimi nimekaa natazama unavyoubeba."

Mama Mizani akasema hakuna neno, baba, akakikunja kitambaa pande nne, na mabega yake yakashuka mahali pake. Binti naye akamwendea, akamwomba radhi kwa kumhukumu kabla ya kuuliza. Aliomba kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote waliosikia lawama.

Mzee alikuwa anangoja zamu yake ya kulaumiwa. Haikuja namna alivyotarajia. Binti alikunja mikono ya koti, akamwambia Mama Mizani abandike lita tatu za yale maziwa mapya. Alieleza huku akifanya kazi. Kwa vipande vya kumimina, chokoleti hii basi tena. Lakini maji kidogo ndiyo huiua, maji mengi huifufua, na maziwa ni bora zaidi. Yalipochemka akayamimina kidogo kidogo juu ya lile tope huku akipiga kwa mchapo wa waya. Mwanzo lilikuwa tope kweli, lenye kutia kinyaa. Baadaye likalegea, likaanza kuteleza, na mwisho mng'aro ukarudi, sufuria ikawa imejaa mchuzi mzito mweusi wa kupendeza. Aiskrimu ya leo, binti akasema, ilikuwa iwe nyeupe. Sasa itakuwa ya chokoleti, na wanunuzi hawatanung'unika.

Oda ya zahanati ndiyo ilibaki. Ilibidi wayeyushe mabonge ya chokoleti yaliyotunzwa kwa wiki ijayo, na kila mtu akapata kazi. Kinyozi alikatakata mabonge kwa kisu, akisema hajawahi kupata mteja mtulivu hivi. Bibi na mjukuu walifuta vitreya. Chokoleti mpya ilipopoa kiasi chake, na kipimajoto kikakubali, binti akaimimina kwenye treya ya kwanza, akaitikisa, na akampa baba yake ubapa mpana wa chuma. Kazi ilikuwa kuuvuta juu ya treya kwa mkupuo mmoja, ziada iondoke na vishimo vibaki vimejaa sawasawa. Mstari aliutazama. Ulikuwa wa namna ile ile ya kusawazishia kuta.

Treya ya kwanza aliiharibu, mkono ukaruka katikati ukaacha tuta. Mama Mizani aliikusanya ile chokoleti kwa mwiko wake mkavu, akairudisha sufuriani, akamwekea treya nyingine mbele yake. Ya pili aliivuta kutoka kona hadi kona, na ilikuwa kama kioo. Ya tatu vilevile. Kufikia ya nane alikuwa anapiga mluzi.

"Shemeji," kinyozi akasema hapo, kwa upole wa mtu aliyevumilia saa nzima. "Nimekaa nafikiria. Yale majina uliyoandika juu ya maduka ya watu miaka arobaini. Hata moja uliwahi kulisoma?"

Mzee akacheka kabla ya wengine, na hapo wote wakaangua kicheko, hata Mama Mizani nyuma ya mkono wake.

Baadaye walikaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma, kila mmoja na koni ya aiskrimu ya chokoleti. Mjukuu aliitangaza kuwa nzuri kuliko zote alizowahi kula, na akashauri babu atie maji kila siku. Binti alikaa karibu na baba yake. Alisema bila kuulizwa kwamba hakumwita fundi mwingine kwa sababu ya mkono. Aliogopa ngazi. Alijua akimwambia njoo utazame tu, atapanda.

"Ningepanda," mzee akakubali. Akalamba aiskrimu yake kwanza. Akamtazama mkewe, na mkewe, aliyekuwa amekwisha kuona mengi kwa siku moja, akampungia mkono kwamba haya, sema. "Ukuta wa juu ya sinki umepakwa rangi lipu ikiwa mbichi. Utabanduka. Mwite huyo fundi akwangue, asubiri ukauke, apake upya. Nami nitakuja kukaa kwenye stuli nimtazame. Kukaa tu."

"Sawa, baba."

Akafikiri kidogo, akaongeza kwamba hata yeye leo amefanya kosa hilo hilo la maji, kwa hiyo fundi asisemwe sana.

Walipoaga, binti aliingia ndani akarudi na kile kibao kwapani. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba hakihitaji ngazi, kinaandikwa mezani. Mpaka kitakaporudi, Mama Mizani atasimama hapo kuwaambia watu.

Kesho yake asubuhi Mstari alikipiga msasa kibao mpaka mbao ikatoka. Akaketi mezani kwake karibu na dirisha, akapima kwa jicho, akagawa nafasi, neno kwa neno, mpaka la mwisho likapata mahali pa kukaa kwa heshima. Mkono ulitetemeka ulipokuwa hewani, ukatulia brashi ilipogusa mbao. Aliandika MEZA. Aliandika HII. Alipomaliza neno la tatu aliweka brashi chini, akarudisha kichwa nyuma, akalisoma kwa sauti.

"Maji," akasema.

Mkewe aliyekuwa jikoni akamletea glasi.